Taa ya upepo ikiwaka baada ya kufunga matairi ya baridi

Umefunga matairi ya baridi, umelipa, umeondoka gereji. Dakika kumi na tano baadaye, ukiwa barabara kuu, inawaka taa ya njano kwenye dashibodi: mchoro wa tairi lililokatwa, wazi kwa juu, na alama ya mshangao katikati. Unarudi kwa fundi. Anapima matairi yote manne, yako sawa, anakuambia uendelee na safari, hiyo taa isikusumbue. Jirani yako naye amefunga matairi ya aina hiyohiyo wiki hiyohiyo na hakuona taa yoyote, mpaka asubuhi moja ya Januari ilipowaka akiwa anatoka nyumbani, kisha ikazimika yenyewe kabla hajafika kazini.

Taa ni moja, lakini hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Kwako wewe, gari halisikii sensa zake, yaani vipima upepo vilivyo ndani ya magurudumu. Kwa jirani, matairi yamepungukiwa upepo kweli. Wengi wetu tunaoishi kwenye theluji, kuanzia Minnesota na Maine hadi Alberta, Ujerumani na nchi za Skandinavia, tulijifunza udereva kwenye magari yasiyo na taa hiyo. Kwa hiyo ni rahisi kuuziwa sensa usizozihitaji, au kuizoea taa inayowaka kwa sababu ya maana. Hilo la kuizoea ndilo linalonitia hofu zaidi.

Kuyatofautisha si kazi. Washa gari asubuhi na uitazame dashibodi kwa dakika mbili kabla ya kuondoka. Taa zote huwaka kwa sekunde chache gari linapojikagua. Hiyo ni kawaida. Baada ya hapo, taa ya upepo ikibaki imewaka tuli, gari linasema kuna tairi lililo chini ya kiwango. Ikipepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu ndipo itulie ikiwa imewaka, na ikawa inafanya hivyo kila unapowasha gari, basi shida iko kwenye mfumo wenyewe: sensa haipo, imekufa, au ipo lakini gari haliijui. Kupepesa huko hakukubuniwa na kampuni moja moja. Kumeandikwa kwenye kanuni ya usalama wa magari ya Marekani, ile ya namba 138, kwa magari yanayotumia taa moja kutoa onyo la aina zote mbili.

Sheria yenyewe ilitokana na msiba. Mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone ilirudisha mamilioni ya matairi, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya tabaka la juu la tairi kubanduka gari likiwa kwenye mwendo na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha Marekani. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huko kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za tairi. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya TREAD, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima lionye upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa na kampuni. Umoja wa Ulaya ulifuata, kwanza kwa aina mpya za magari Novemba 2012, kisha kwa magari yote mapya Novemba 2014, na wao wakaweka asilimia 20. Kanada haijaweka sharti hilo, kwa hiyo usishangae kukuta gari la Kanada halina mfumo huu ilhali pacha wake wa Marekani anao.

Sensa iliyo ndani ya rimu

Magari mengi hutumia sensa halisi. Tairi likitolewa kwenye rimu utaiona: kijidude cheusi cha plastiki, hakizidi kidole gumba kwa ukubwa, kimeshikwa na valvu upande wa ndani. Humo mna kipimo cha presha, redio ndogo ya kurusha taarifa, na betri ya lithiamu iliyozibwa kabisa kwa gundi ngumu. Betri ikiisha haibadilishwi. Unanunua sensa nzima. Kwa kawaida hudumu kati ya miaka mitano na kumi, na ikishazeeka huanza kusumbua kwenye baridi kali kwanza. Gari la miaka tisa likiwasha taa ya kupepesa Desemba, mshukiwa wa kwanza ni betri hiyo.

Kila sensa ina namba yake, hakuna mbili zinazofanana zikitoka kiwandani. Kompyuta ya gari huhifadhi namba nne na kupuuza nyingine zote, maana vinginevyo ukisimama kwenye taa za barabarani ingesoma matairi ya gari la pembeni. Hapa ndipo fumbo la gereji linapofumbuka. Fundi alipokufungia rimu za baridi zenye sensa nyingine, sensa zile zinafanya kazi vizuri na zinatuma taarifa sahihi. Gari ndilo linalongoja namba nne za zamani, ambazo sasa zimelala kwenye stoo yako pamoja na matairi ya kiangazi.

Taa haiwaki palepale gereji kwa sababu sensa husinzia gari likisimama, ili kuokoa betri, na huamka magurudumu yakianza kuzunguka. Gari nalo hungoja kidogo kabla ya kuamua kwamba halisikii kitu. Kanuni ya Marekani inaliruhusu lingoje hadi dakika 20 za mwendo. Ndiyo maana taa inakukuta barabara kuu, na ndiyo maana fundi aliyelizungusha gari uani kwake anaapa kwamba aliliacha halina taa.

Sasa matairi ya baridi hufungwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, una rimu seti moja tu, na kila msimu tairi linavuliwa na jingine kuvalishwa. Sensa zinabaki pale pale, namba ni zilezile, gari halihitaji kuambiwa lolote. Taa ya kupepesa ikitokea hapa, uliza kama sensa imevunjwa wakati tairi linavuliwa. Chuma cha kufungulia kikiingia karibu na valvu, plastiki ile haivumilii. Hata kama wewe hukuwepo, fundi mzuri atajua pa kutazama.

Njia ya pili, ambayo watu wengi huishia nayo kwa kuwa inapunguza kazi na kulinda kingo za matairi, ni kuwa na rimu seti ya pili. Humo una machaguo matatu. Unaweza kufunga rimu zenye valvu za kawaida bila sensa na kukaa na taa msimu mzima. Unaweza kununua sensa mpya zenye namba zake na kuzitambulisha kwa gari kila unapobadilisha matairi, mara mbili kwa mwaka. Au unaweza kununua sensa za kuprogramu, fundi akasoma namba za sensa zako za kiangazi kwa kifaa chake na kuziandika kwenye hizi mpya.

Hilo la tatu ndilo ninalolipendekeza kwa gari ambalo haliwezi kujifunza sensa lenyewe. Gari linaona namba zilezile nne mwaka mzima na halijui kama umebadilisha chochote. Unalipa mara moja tu. Ila kuna sharti moja: usipakie seti nyingine kwenye buti na kuzunguka nayo, kwa sababu sensa zake zitaamka kwa mtikisiko na gari litasikia namba moja ikileta presha mbili tofauti. Na ukinunua mtandaoni, hakikisha masafa ya redio yanalingana na gari lako. Ulaya hutumia megahezi 433. Amerika ya Kaskazini magari mengi yapo kwenye 315, mengine 433. Sensa ya masafa yasiyo sahihi haitasikika hata ikiprogramiwa namna gani.

Kuhusu kuzitambulisha sensa mpya, magari yanatofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalipa au la. Baadhi hujifunza yenyewe: unaendesha dakika kumi hadi ishirini bila kusimamasimama, taa inazimika, mambo yamekwisha. Magari mengi ya General Motors (Chevrolet, GMC, Buick) huwekwa kwenye hali ya kujifunza gari likiwa limesimama, kisha unapita na kifaa kidogo cha kuamsha sensa kuanzia tairi la mbele upande wa dereva, unakwenda mbele upande wa abiria, nyuma upande wa abiria, unamalizia nyuma upande wa dereva. Honi inalia kila tairi linapopokelewa. Kazi hiyo mtu anaifanya mwenyewe kwenye maegesho. Kundi la tatu, ambamo zimo Toyota nyingi, linataka namba ziingizwe kwa kompyuta ya gereji kupitia plagi iliyo chini ya usukani.

Nikae kidogo kwenye Toyota, kwa sababu ndiyo gari letu popote tulipo, na kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Toyota nyingi zina swichi ndogo yenye ule mchoro wa tairi, chini ya usukani au ndani ya sanduku la dashibodi, au siku hizi ndani ya menyu ya skrini. Unaibonyeza mpaka taa ipepese mara tatu. Watu huibonyeza wakidhani wanalitambulisha gari kwa sensa mpya. Sivyo. Swichi ile inaliambia gari kwamba presha iliyopo sasa hivi ndiyo iwe kipimo cha kulinganishia. Kama gari halizijui namba, kubonyeza hakusaidii kitu. Na kama matairi yana upepo mdogo wakati unabonyeza, umelifundisha gari kwamba upepo mdogo ndio sahihi, na litanyamaza siku ambayo lingepaswa kukuonya. Jaza kwanza, ndipo ubonyeze.

Magari yasiyo na sensa kabisa

Volkswagen, Skoda, Seat na Audi nyingi, Mazda nyingi, na baadhi ya Honda hazina kitu ndani ya rimu. Zinatumia vipima mwendo vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla. Tairi likipungua upepo, kimo chake kinashuka kidogo, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa umbali uleule. Kompyuta inaiona tofauti hiyo na kuwasha taa. Mifumo mipya husikiliza pia mtetemo wa tairi.

Ukiwa na gari la namna hii, usikubali kununua sensa. Kinachotakiwa baada ya kufunga matairi ya baridi ni kujaza upepo sawasawa na kuliamuru gari lianze kupima upya, kwa swichi au kupitia menyu, kisha uendeshe. Usipofanya hivyo, gari linaendelea kulinganisha matairi mapya na kumbukumbu ya yale ya zamani, na taa inaweza kuwaka bila tatizo lolote. Namna rahisi ya kujua gari lako ni la upande gani: likikuonyesha tarakimu za presha ya kila tairi, lina sensa. Lisipozionyesha, huwezi kuwa na uhakika, tazama kitabu cha gari. Udhaifu wa mfumo huu, hasa ule wa zamani, ni kwamba matairi yote manne yakishuka pamoja kwa kiasi kilekile, kama inavyotokea kwenye baridi, hauna cha kulinganisha, na taa haiwaki.

Baridi yenyewe

Hapa tumrudie jirani na taa yake ya asubuhi. Hewa ikipoa husinyaa. Kwa matairi ya gari dogo, kila nyuzi joto zinapopungua kama 5.5 za Selsiasi, presha inashuka kama psi 1 (psi na bar ni vipimo vya presha). Kwa wanaotumia bar, ni kama 0.1 kwa kila nyuzi 10. Tuseme matairi yalijazwa psi 32 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Gari likilala nje kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, asubuhi yatakuwa na psi 26 hivi, bila pancha wala kasoro. Taa kwa gari la Marekani la psi 32 inawaka kwenye 24. Ongeza na ukweli kwamba tairi zima kabisa hupoteza psi 1 hadi 2 kila mwezi kupitia mpira wenyewe. Matairi yaliyojazwa mwishoni mwa Oktoba yasiguswe tena yatavuka mstari huo Desemba au Januari, asubuhi ya kwanza yenye baridi ya kukata. Ukiendesha, mpira unapata joto, presha inapanda psi kadhaa, taa inazimika. Mtu anaona gari limejiponya. Halijapona, matairi bado yana upepo mdogo, na kesho asubuhi mambo ni yaleyale.

Kwa hiyo pima gari likiwa limelala kwa muda wa saa tatu au zaidi, nje, si ndani ya gereji yenye moto. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lile, si kipimo cha gari lako. Kama fundi anajaza ndani, kwenye joto, mwambie aongeze kufidia baridi ya nje, au jaza upya mwenyewe kesho yake asubuhi. Na usilipie naitrojeni kwa kuambiwa kwamba haisinyai. Asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni, na kwenye baridi inasinyaa kama hewa nyingine.

Kuna gari ambalo limejazwa matairi yote manne na taa tuli bado iko palepale. Kabla ya kulaumu mfumo, pima spea. Baadhi ya Toyota kubwa, kama 4Runner na Tacoma, zina sensa kwenye spea pia.

Je, mtu aache tu taa iwake mpaka Aprili? Wengi wanafanya hivyo, na ninaelewa kwa nini: sensa nne pamoja na kazi ya fundi mara nyingi hupita dola 200, na gari linatembea vilevile. Marekani sheria inakataza gereji kuuondoa mfumo wa usalama uliokuwa unafanya kazi, ndiyo maana baadhi ya mafundi wanakataa kukufungia rimu zisizo na sensa. Sharti hilo linawabana wao wenye biashara, halimhusu mwenye gari anayejifungia nyumbani. Uingereza, gari lililosajiliwa kuanzia Januari 2012 likienda kwenye ukaguzi wa mwaka na taa ya hitilafu ya mfumo huu, linafeli. Mimi nasema hivi: ukiamua kukaa na taa, basi nunua geji ya mkononi na upime kila wiki mbili bila kukosa, maana umeiondoa sauti pekee ambayo ingekuambia kwamba msumari umeingia tairi la nyuma wakati uko kilomita 100 kwa saa, usiku, na watoto nyuma. Taa ikishawaka moja kwa moja haiwezi kukuonya mara ya pili.

Jambo dogo ambalo hugharimu watu sensa nzima: chumvi ya barabarani. Sensa nyingi zina valvu ya alumini. Mtu akifunga kifuniko cha chuma, au msumari wa ndani wa valvu wa shaba tupu badala ya uliopakwa nikeli, chumvi na maji vinaunganisha metali hizo mbili mpaka zinashikana. Siku ya kujaza upepo unazungusha kifuniko kwa koleo, na shina zima la valvu linakatika mkononi pamoja na upepo wote. Tumia vifuniko vya plastiki. Na tairi likivuliwa, mwambie fundi abadilishe raba, nati na msumari wa valvu. Ni vitu vya bei ndogo.

Nyumbani Afrika Mashariki taa hii imeanza kuonekana kwenye magari ya mtumba kutoka Uingereza na Ujerumani, mara nyingi ikipepesa kwa sababu betri za sensa zimekufa au fundi wa pancha alizitoa na kuweka valvu za kawaida. Gari kutoka Japani mara nyingi haliji na mfumo huu, lakini linaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam likiwa bado limevaa matairi ya theluji. Mpira wake ulitengenezwa ubaki laini kwenye baridi, na kwenye lami ya joto unalika haraka na breki zinalegea. Hayo ni ya kubadilisha, taa iwepo isiwepo.

Ukipiga simu gereji kuweka miadi, taja aina ya gari na mwaka, kisha uliza kama gari lako linajifunza sensa lenyewe au linahitaji kompyuta. Waulize kama wana kifaa cha kunakili namba za sensa zako, na kama wataendesha gari dakika ishirini kabla ya kukukabidhi funguo. Gereji isiyoweza kujibu swali la kwanza, tafuta nyingine mapema, kabla theluji ya kwanza haijaanguka na foleni kuwa ya wiki tatu. Quebec tarehe ya mwisho kisheria ni 1 Desemba; Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi lisilo na alama ya mlima na kipande cha theluji halihesabiki kuwa la baridi, hata likiwa na herufi M+S (matope na theluji). Ukienda kuchukua gari, mwambie fundi alitoe nje lipoe, halafu upime naye.